Wageni wa Kidugala: Wapolandi katika Nyanda za Juu Kusini

Katika masimulizi ya sharika zetu za Kusini, miaka ya Vita Kuu ya Pili hupewa maneno machache: Wajerumani walikamatwa, stesheni zikafungwa, wazee wetu wakabaki na kazi. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Vita ilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kiingereza iliwaweka kizuizini wamisionari wa Misioni ya Berlin, na uangalizi wa kazi yao ukakabidhiwa Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana, kisha wenzao wa Sweden wakaja kusaidia. Lakini Kidugala, stesheni ya Ubena iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, haikukaa tupu. Mahali palipojengwa na Walutheri wa Ujerumani pakawa makao ya Wakatoliki wa Polandi, nchi iliyovamiwa na Ujerumani hiyohiyo. Jambo hili linastahili ukurasa wake katika kitabu cha miaka mia moja, kwa sababu watu hao walikuwa majirani wa Kanisa letu kwa miaka kadhaa, na wajukuu wetu hawajui habari zao.

Safari yao haikuanzia baharini. Mwaka 1939 Polandi iligawanywa, upande wa magharibi ukichukuliwa na Ujerumani na ule wa mashariki na Umoja wa Kisovyeti. Kuanzia Februari 1940 hadi Juni 1941 watu wengi wa mashariki walitolewa majumbani mwao na kupelekwa kwa treni Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya Urusi. Walipofunguliwa kwa mapatano ya Julai 1941, zaidi ya 110,000 walivuka hadi Iran mwaka uliofuata pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wengi wao yatima, walitafutiwa mahali katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na watu wapatao 18,000 waliletwa Afrika. Tanganyika makambi yao yalikuwa kadhaa, kubwa kuliko yote likiwa Tengeru karibu na Arusha, lililokuwa na watu karibu 5,000. Jimbo letu la Nyanda za Juu Kusini, lililounganisha Iringa na Mbeya, lilipewa makambi ya Ifunda na Kidugala, yote mawili upande wa Iringa. (Kidugala imo katika Mkoa wa Njombe tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012.)

Mtu aliyekwisha kung'olewa mara mbili hafungui mizigo yake kwa haraka. Hata hivyo watu hao walijenga maisha. Walifungua shule zilizofundisha kwa Kipolandi, wakawa na mapadre wao, vikundi vya skauti na sikukuu zao, wakalima bustani kando ya nyumba. Baridi yetu ya Juni na Julai, ambayo huwatesa wageni kutoka pwani, haikuwa jambo kubwa kwa waliopitia Siberia. Udongo nao uliwapokea: viazi mviringo na kabichi, vinavyostawi sana huku kwetu, ni mazao ambayo mama wa Kipolandi aliyajua tangu utoto wake. Ninapofikiri juu yao naukumbuka waraka wa nabii Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, katika sura ya 29, unaowaagiza wajenge na kupanda katika nchi ya ugeni. Jambo gumu katika waraka ule ni kwamba aliyeambiwa apande bustani alikuwa bado anatazamia kurudi.

Lazima tuseme pia habari za wenyeji. Serikali ya kikoloni haikuwa na desturi ya kuwauliza Wabena au Wahehe nani awekwe katika ardhi yao. Kazi za mikono katika makambi, kujenga, kuchota maji, kukata kuni, zilifanywa kwa wingi na Waafrika kwa ujira mdogo, na utaratibu wa utawala uliwataka Wapolandi wakae mbali na wenyeji. Miaka hiyohiyo vijana wa Ubena walikuwa wakisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, nao wakaanza maisha kati ya watu wasiowajua, bila shule wala padre wa kwao. Kwa hiyo kwenye barabara moja ya Iringa walipishana wageni wa aina mbili. Wa kwanza walitunzwa kama wakimbizi. Wa pili waliitwa manamba. Sisemi hivi ili kupunguza mateso ya Wapolandi. Nasema kwa sababu wazee wetu waliyaona yote mawili, na historia inayotaja moja tu huwanyima haki yao.

Amani ya 1945 haikuwarudisha kwao. Katika mkutano wa Yalta, Februari mwaka ule, mataifa makubwa yalikubali sehemu ya mashariki ya Polandi ibaki kwa Wasovyeti, na ndiko wengi wa wakimbizi walikotoka. Vijiji vyao vilikuwa sasa katika nchi nyingine. Wachache walirudi Polandi. Wengine wengi waliwafuata waume na baba zao waliokuwa askari, wakaenda Uingereza, na wengine Australia na Kanada, kuanza tena kujifunza lugha na kutafuta nyumba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makambi ya Kusini yalikuwa yanahamwa. Tengeru ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ifunda pakafunguliwa shule ya ufundi, ambayo vijana wengi wa nchi hii wamepitia. Kidugala ilirudi mikononi mwa Kanisa, na leo ni mahali pa Seminari ya Kilutheri. Wapolandi waliofariki miaka ile wamelala Ifunda na Kidugala, katika makaburi yaliyo kando ya maisha ya shule. Msharika atakayekwenda Kidugala kwa mkutano, au kumtembelea mtoto wake seminarini, na aombe aonyeshwe yalipo.