Mti wa urambazaji

Mti wa urambazaji ni sehemu ya programu ya kompyuta inayopanga mambo kwa ngazi, ili mtumiaji ashuke hatua kwa hatua mpaka kwenye kile anachokitafuta. Hupatikana sana katika programu za kazi za kompyuta ya mezani, kama zile za uhasibu, stoo, mishahara na takwimu za hospitali. Kwa kawaida mti hukaa upande wa kushoto wa dirisha, na kilichochaguliwa hufunguka upande wa kulia.

Muundo

Mti huu umepinduliwa: mzizi uko juu, matawi yako chini yake, na majani ndiyo mwisho. Tawi hufunguliwa au kufungwa kwa kubofya alama ndogo iliyo kando ya jina lake, au kwa vitufe vya mshale. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliwazoesha watu wengi umbo hili kupitia mpangilio wake wa mafaili.

Kanuni kuu ni kwamba kila kipengele kina mzazi mmoja tu. Kanuni hiyo hurahisisha kujumlisha, lakini ndiyo pia chanzo cha matatizo mengi.

Mfano wa Bagamoyo

DHIS ni programu ya takwimu za afya iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access na kutumika kwenye kompyuta ya mezani. DHIS2, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hufunguliwa kwa kivinjari lakini imebaki na mti wake. Nchini Tanzania hupokea takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Karani hushuka kutoka nchi hadi mkoa, halmashauri, kisha kituo, kwa mfano Pwani › Bagamoyo › Kerege, ndipo ajaze fomu ya mwezi.

Mwaka 2015 Halmashauri ya Chalinze ilimegwa kutoka Bagamoyo. Vituo vya Lugoba na Miono, vilivyokuwa chini ya Bagamoyo, sasa vilihesabiwa Chalinze. Katika mti wa aina hii, kituo kikihamishwa huondoka na takwimu zake zote, hata za zamani. Jumla ya Bagamoyo ya mwaka 2014 ikitolewa upya huwa ndogo kuliko ile iliyochapishwa wakati ule, ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefutwa. Asiyejua historia ya mgawanyo anaweza kudhani huduma ziliporomoka, na dawa au watumishi hupangwa kwa jumla kama hizo.

Tena, Bagamoyo na Chalinze ni halmashauri mbili ndani ya wilaya moja. Mkuu wa wilaya anazitaka pamoja. Kila mkurugenzi anataka yake peke yake. Mti mmoja hauwezi kuwaridhisha wote bila kuongeza ngazi, na kila ngazi mpya ni mbofyo mwingine kwa karani anayejaza fomu za vituo vingi.

Kwa sababu hiyo DHIS2 huruhusu pia makundi yaliyo nje ya mti, kama vile zahanati zote au vituo vyote vya mashirika ya dini. Kituo hubaki na mzazi mmoja, lakini kinaweza kuingia katika makundi kadhaa. Programu za uhasibu hufanya vivyo hivyo: akaunti hukaa mahali pamoja kwenye mti, huku mradi au idara ikiandikwa pembeni.