Gebak: neno la Kiholanzi na maana yake

"Gebak" ni neno la Kiholanzi, luga ya Uholanzi na ya kaskazini mwa Ubelgiji, kwenye wengi huiita Kiflamand. Maana yake ni vitu vitamu vilivyochomwa katika tanuru: keki, gato, tarti za matunda. Mukate wa kawaida haumo. Ule unaitwa "brood".

Ubelgiji ilitawala Congo toka 1908 hadi 1960, lakini Kifaransa njo kilishika ofisi na masomo. Ni kwa sababu hiyo kwetu watu wanasema "gato" na "bulanjeri", na "gebak" inawashangaza wanaofika Antwerpen ao Gent.

Shina ni "bakken". Kiswahili kinatenga: mukate unachomwa, yai linakaangwa. Kiholanzi kinatumia "bakken" kwa yote mbili. Kwa hiyo "gebakken ei" ni yai la kukaanga, si la tanuru. Kuko hata msemo "gebakken lucht", hewa iliyokaangwa: maneno makubwa yasiyo na kitu ndani.

"Gebak" ni jina la jumla. Anayetaka kipande kimoja anaomba "gebakje". Vingi ni "gebakjes".

Kule Uholanzi, mwenye siku ya kuzaliwa njo analeta gebak kazini. Mgeni asiyejua anaweza kungojea wenzake, kumbe nao wanamungojea yeye.

Kwa mnunuzi, jambo kubwa ni hili: "gebak" peke yake haisemi kama kitu ni cha leo. Anayetaka cha leo atafute neno "vers", ao "dagvers", yaani cha siku ileile. "Versgebakken" ni kilichochomwa sasa hivi, lakini nayo isomwe kwa akili. Maduka mengi hupokea mikate iliyochomwa nusu kiwandani, halafu yanamalizia kuichoma palepale. Kazi hiyo inaitwa "afbakken". Mukate unatoka moto kweli, ila unga haukukandwa pale.

Fundi anayekanda na kuchoma mwenyewe anaitwa "warme bakker", muchoma-mikate wa moto. Mwenye mashaka anaweza kuuliza kwa heshima: "Bakt u zelf?", yaani, "Munachoma wenyewe?" Jibu lake litamwambia mengi kuliko maandishi ya kwenye kioo cha duka.