Henza, Joshi na Demani: Istilahi za Tanga na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1875 E. D. Young, baharia wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliifikisha meli ndogo ya moshi, Ilala, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na safu ya milima iliyosimama wima juu ya Matema na Ikombe akaipa jina la Livingstone. Livingstone mwenyewe hakuwahi kufika huko kwa chombo. Mwaka 1861 alisafiri ziwani kwa mashua, lakini ncha ya kaskazini hakuiona; mwaka 1866, alipotaka kuvuka kutoka ufuko wa mashariki, wenye majahazi walimwepuka, akalazimika kuizunguka ncha ya kusini kwa miguu. Kwa hiyo tanga lililitangulia dohani katika ziwa hilo, na lilikuwa mikononi mwa watu wa pwani.

Waliolileta ni wafanyabiashara wa Kiswahili, hasa kina Jumbe, waliofanya makao Nkhotakota tangu miaka ya 1840. Majahazi yao yalivusha pembe za ndovu na watumwa hadi Losewa, ufuko wa mashariki, na kutoka hapo misafara ilielekea Kilwa. Msamiati unaojadiliwa hapa ulifanya kazi katika biashara hiyo, na hapana budi usomwe hivyo.

Msamiati wenyewe ni wa kazi ya mikono. Tanga hufungwa kwenye foromali, mti mrefu ambao aghalabu huundwa kwa vipande viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa kamba. Foromali hupandishwa kwa henza, kamba nene ipitayo kichwani mwa mlingoti na kushuka upande wa tezi hadi kwenye gofia. Kati ya gofia hiyo na abedari iliyo chini hupita jarari, na ndiyo wanayoivuta mabaharia. Ustadi wa mpango huu ni kwamba henza, kwa kuwa imefungwa nyuma ya mlingoti, huushikilia mlingoti usiangukie mbele. Kamba moja yatenda kazi mbili. Pembe ya mbele ya tanga hushikwa na joshi, pembe ya nyuma na demani, na foromali huongozwa kwa baraji. Yafaa kukumbusha kwamba demani ni pia jina la msimu wa upepo wa pwani, na kwenda joshi ni kuelekeza chombo upande utokako upepo. Kamba, upepo na majira vimesukwa pamoja katika lugha moja.

Je, kwa nini lugha hiyo haikushika mizizi ufukoni mwa Kyela? Sehemu ya jibu imo katika upepo. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mwera, upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, hulikumba kwa urefu wake, mawimbi yakakua hadi kuvunjikia mchanga wa Matema. Kuja kaskazini kwa upepo huo ni rahisi. Kurudi ni kubisha. Na tanga la foromali halibishi kwa urahisi: ili kubadili upande hulegezwa demani, foromali husimamishwa wima, tanga likazungushwa mbele ya mlingoti, na kamba za kuushikilia mlingoti zikahamishiwa upande wa pili. Kazi hiyo yataka watu wengi na nafasi ya bahari. Mtumbwi wenye watu wawili, chini ya ukuta wa milima, hauna kimojawapo.

Sehemu nyingine ni ya kisiasa. Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, watu wa Mlozi waliwashambulia Wangonde, jirani na ndugu wa Wanyakyusa, mwaka 1887. Vita vile havikwisha hadi Mlozi aliponyongwa Desemba 1895. Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa na manowari za moshi ziwani, na Wajerumani walikuwa wameishusha majini stima Hermann von Wissmann mwaka 1893. Mabaharia wa majahazi hawakupewa kizazi cha amani cha kuwafundisha wenyeji kamba zao.

Jina moja, hata hivyo, lilibaki kusini mwa ziwa. Katika Kichewa ngalawa ni chombo kikubwa cha majini kwa jumla, hali katika Kiswahili cha pwani ni mtumbwi wa tanga wenye ndubi mbili ubavuni. Neno lilihama bila ndubi zake. Lugha ilihitaji jina la chombo kigeni kilichozidi mtumbwi, ikalichukua. Henza na jarari zilihitajiwa na yule tu aliyezivuta.

Kaskazini, Wakisi wa Ikombe wameendelea kupeleka vyungu vyao kwa mitumbwi hadi Lyulilo, karibu na Matema, kwenye soko la Jumamosi. Huondoka kabla upepo haujaamka, wakipiga kafi kandokando ya miamba, vyungu vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine.