Kinjikitile na Kinjeketile: Utangulizi wa Tamthilia na Kumbukumbu ya Rufiji

Msafiri atokaye Kibiti kwenda kusini hupita Umwe na Ikwiriri, kisha huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Ng'ambo hiyo ndiko Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya pamba kung'olewa Nandete. Mganga huyo wa Ngarambe, aliyeaminiwa kupagawa na pepo Hongo mwaka 1904, anajulikana leo na wasomaji wengi kwa jina lililobadilika irabu mbili: Kinjeketile.

Irabu hizo si jambo dogo. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake mwaka 1969 kupitia Oxford University Press, aliitanguliza kwa maelezo ya kihistoria, na humo akatahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, wala si nakala ya mtu aliyeishi. Mwaka mmoja kabla, G. C. K. Gwassa na John Iliffe walikuwa wametoa mkusanyo wa kumbukumbu za vita, ambamo jina limeandikwa Kinjikitile. Msomaji wa wakati ule aliweza kuviweka vitabu viwili mezani na kuuona mpaka.

Mpaka huo ulififia katika usambazaji. Mwaka 1970 Hussein mwenyewe alitoa tafsiri ya Kiingereza. Tamthilia ikaingia shuleni, na mtihani ukawa mnadi wake mkuu kuliko mwandishi yeyote anavyoweza kujinadi. Mtihani, hata hivyo, huuliza wahusika na dhamira; utangulizi hurukwa. (Richard III wa Uingereza alipatwa na hayo hayo mikononi mwa Shakespeare, tena bila utangulizi wa kumtetea.)

Hasara yake huonekana mwishoni mwa hadithi. Kinjeketile wa jukwaani amekwisha kulishuku neno alilolileta, lakini hakubali kulikana mbele ya Wajerumani, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hapo ndipo penye uzito wote wa tamthilia, na ni ubunifu wa Hussein. Mapokeo ya vita yana mtu mwingine: aliyewaambia waliomnyonga kwamba kifo chake si kitu, kwani dawa imekwisha kufika Mahenge na Kilosa. Katika kauli hiyo hamna shaka hata chembe.