Karatasi Ndani ya Spika

Machi 1951, bendi ya Ike Turner ilitoka Clarksdale, Mississippi, kwa gari kuelekea Memphis. Vijana walikuwa wanakwenda kurekodi katika studio ndogo ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ikaumia. Wapo wanaosema ilianguka kutoka garini, wapo wanaosema ilinyeshewa. Lililo hakika ni kwamba ilipowashwa studioni, spika ilikuwa mbovu na sauti inakwaruza. Muda wa kutafuta fundi haukuwapo. Phillips akachukua karatasi, akaishindilia ndani ya spika, wakarekodi hivyo hivyo. Wimbo huo, "Rocket 88", ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Wamarekani weusi, na gitaa lake linanguruma kwa ukali ambao watu hawakuwa wameuzoea redioni.

Mwezi uliopita kijana anayepiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kwetu alinifuata baada ya mazoezi, simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hela imetimia, sasa nimebaki na hivi viwili. Nichukue kipi?" Kwenye simu kulikuwa na picha za visanduku viwili vya kidijitali, kila kimoja kinanadiwa kwa wingi wa amplifaya zilizoigwa ndani yake. "Marahaba," nikamwambia. "Kwanza niambie, unatafuta sauti gani?" Akanyamaza. Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kumpa pale tumesimama.

Kisanduku kile kinaiga kasoro. Ndani ya amplifaya za enzi za Kizart mlikuwa na valvu, vile vichupa vya kioo ambavyo wazee wetu walivijua kwenye redio kubwa za mbao. Ukichungulia nyuma ya amplifaya ya aina hiyo baada ya kuwashwa, unaona nyuzi zinang'aa rangi ya kaa la moto, na muda si mrefu unanusa vumbi linaloungua. Valvu ikipewa mawimbi madogo kutoka kwenye gitaa, inayakuza kama yalivyo. Ikizidishiwa, inafika mahali inaelemewa. Lakini haikati ghafla. Vilele vya wimbi vinabonyea taratibu, na katika kubonyea huko zinazaliwa sauti nyingine juu ya noti iliyopigwa, sauti ambazo mpigaji hakuzipiga. Noti inanenepa na kudumu hewani. Mpigaji akigusa uzi kwa upole inarudi kuwa safi, akiuchapa inanguruma. Mafundi waliobuni amplifaya walijitahidi kuuondoa mkwaruzo huo. Wapiga magitaa wakaupenda, na toka hapo mafundi wamekuwa wakiwafuata.

Hata uigaji wenyewe haukuanza na kompyuta. Mwaka 1960 Jim Marshall, mpiga dramu na mwalimu wa dramu, alifungua duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Wateja wake wa dramu walikuwa wakija na wenzao wapiga magitaa, akiwamo kijana Pete Townshend, na kilio chao kilikuwa kimoja: amplifaya zilizopo haziwatoshi, na zile za Fender kutoka California zilikuwa ghali mno kwao. Fundi wa dukani, Ken Bran, akishirikiana na kijana Dudley Craven, alichukua saketi ya Fender Bassman na kuinakili karibu yote. Tofauti ilikuja kwa njia ya dukani: transfoma na vipuri vilikuwa vya Uingereza, na spika zilikuwa Celestion nne za inchi 12 ndani ya kasha lililozibwa nyuma, ilhali Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 katika kasha lililo wazi. Nakala hiyo, JTM45, ilianza kuuzwa mwaka 1962 na ikawa na sauti yake yenyewe, nzito na yenye ukali wa katikati, ambayo baadaye dunia nzima iliiita sauti ya roki. Nikimsikia mtu anasema kuiga amplifaya ni ulaghai wa zama hizi, naikumbuka nakala hiyo ya Hanwell.

Tatizo likawa kelele. Kasoro ile tamu haitoki mpaka amplifaya ibanwe hadi mwisho wa nguvu zake, na nguvu zilikuwa zinapanda kila mwaka. Kufikia 1965 Marshall alishatengeneza ya wati 100 kwa sababu The Who, bendi ya Townshend, walitaka kusikika zaidi. Hiyo huwezi kuiwasha kwenye chumba cha kupanga. Mwaka 1982 Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyesomea MIT, alitoa Rockman, kijisanduku cha kuning'iniza mkandani chenye sauti ya gitaa la jukwaani ndani ya hedifoni. Mwaka 1989 Andrew Barta wa New York akaja na SansAmp, pedali ya kumwezesha mpigaji kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Zote mbili zilifanya kazi kwa saketi za kawaida, bila hesabu za kompyuta, na zote zimesikika kwenye rekodi nyingi.

Kompyuta ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kurekodi gitaa na kulicheza tena si tabu kwake. Tabu ni kuelemewa kama valvu, papo hapo, bila kumchelewesha mpigaji. Chukua kompyuta inayopima sauti mara 48,000 kwa sekunde: mtetemo wowote unaozidi nusu ya hapo haiwezi kuushika. Sasa ukiiambia ikwaruze, mkwaruzo unazaa mitetemo ya juu sana, na ile iliyovuka mpaka haipotei. Inageuka na kurudi chini mahali pasipo pake, kama mwimbaji aliyeingia na ufunguo wa wimbo mwingine. Ndiyo maana mashine nyingi za mwanzo, ukipiga noti za juu kwa ukali, zililia kama bati linalokwanguliwa. Dawa yake ni kufanya hesabu kwa kasi iliyo maradufu kadhaa, na dawa hiyo inadai chipu yenye nguvu. Chipu nayo ina muda mfupi wa kufikiri. Sauti husafiri takriban mita moja kwa milisekunde tatu, kwa hiyo kuchelewa kwa kiasi hicho ni sawa na kusimama hatua moja kutoka kwenye spika. Ukizidisha mara kumi, mkono na sikio vinaachana.

Waliolibeba jambo hili hadi sokoni ni Marcus Ryle na Michel Doidic, wahandisi wa California waliokuwa wamefanya kazi Oberheim, kampuni ya vinanda vya kielektroniki. Kampuni yao ya gitaa waliiita Line 6, na kisa cha jina hilo wanakisimulia wenyewe. Walikuwa na ofisi yenye laini tano za simu, wakiwatengenezea wengine mitambo huku mradi wa gitaa ukiwa siri. Mgeni akifika, mpokea wageni alitangaza kwamba kuna simu kwenye laini ya sita, nao wakajua ni wakati wa kunyamazisha magitaa. Mwaka 1996 walitoa AxSys 212, amplifaya yenye spika mbili iliyoiga nyingine kwa hesabu za kidijitali. Kampuni ya Roland ilikuwa imewatangulia kwa mwaka mmoja na VG-8 yake, lakini hiyo ilidai pikapu ya pekee juu ya gitaa. Kisha 1998 ikaja POD: kitu chekundu chenye umbo la figo, cha kuweka mezani, cha bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Wengi waliokuwa wakirekodi nyumbani miaka hiyo walianzia hapo.

Neno moja kwa anayenunua leo: majina ya amplifaya ni mali ya wenyewe kisheria, kwa hiyo ndani ya visanduku utakuta majina ya mafumbo, jina linaloashiria Uingereza hapa, linaloashiria paneli nyeusi pale. Kijitabu cha maelekezo mara nyingi kina jedwali la kuyafumbua. Soma jedwali hilo kabla ya kutoa hela, kwa maana mamia ya amplifaya yanaweza kuwa ndugu wa familia tatu.

Kwa miaka mingi wapigaji wa majukwaa makubwa walivitazama visanduku hivi kama vitu vya mazoezi. Axe-Fx ya Cliff Chase wa Fractal Audio, iliyotoka 2006 ikiwa na bei ya juu na hesabu nzito, ilianza kuwabadilisha mawazo. Desemba 2013 Metallica walipiga Antaktika, kwenye kituo cha utafiti cha Argentina, mbele ya wanasayansi na washindi wa shindano wapatao 120. Mazingira ya kule ni dhaifu, hivyo makasha ya spika hayakuruhusiwa kunguruma. Watazamaji walisimama ndani ya kuba dogo, theluji nje, kila mmoja na hedifoni zake, na magitaa yakapita kwenye Axe-Fx. Bendi iliyojijenga kwa kuta za amplifaya ikasikika kupitia visanduku.

Wakati huo Mjerumani Christoph Kemper, aliyekwisha kujulikana kwa kinanda cha Access Virus, alikuwa ameshafungua njia ya pili. Wenzake walikuwa wakikokotoa saketi, kipande kwa kipande. Mashine yake, iliyoonyeshwa 2011, inasikiliza. Unaweka maikrofoni mbele ya amplifaya yako, unaunganisha waya, nayo inaitumia milio ya ajabu, mivumo na miguno ya dakika chache. Kutokana na jinsi amplifaya inavyojibu, Kemper inachora picha ya sauti yake. Picha hiyo ni ya amplifaya hiyo moja, siku hiyo, na vitasa vyake vikiwa vilivyo. Neural DSP, iliyoanzishwa Helsinki mwaka 2017, imekwenda mbele kwa kuifunza kompyuta kwa mifano, na Steven Atkinson ametoa programu yake ya aina hiyo, Neural Amp Modeler, bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Hili la mwisho nalifurahia kupita yote. Sauti ya amplifaya ambayo kijana wa Mbeya au Kisumu hatakaa aiguse kwa mkono wake sasa inamfikia kwa bando la intaneti.

Tuje kwenye kuchagua. Rafiki zangu wengi wanahangaika na amplifaya ipi imeigwa vizuri zaidi. Mimi nasema anza na kasha la spika. Spika ya gitaa haipitishi sauti nyingi zaidi ya mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na upungufu huo ndio unaoufanya mkwaruzo uvumilike. Ukiondoa kasha, ukachomeka mkwaruzo mtupu kwenye miksa, unasikia nyigu ndani ya kopo. Kwa hiyo kisanduku kinachoingia kwenye miksa lazima kiige na kasha. Kinachoingia kwenye amplifaya yenye spika zake lazima kizimwe mwigo huo, la sivyo makasha mawili yanapandana na sauti inazibwa kama imefunikwa blanketi. Jiulize kwanza sauti itatokea wapi, ukumbini au hedifoni. Jibu hilo litaondoa nusu ya orodha.

Kuna na la ukubwa wa sauti. Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kidogo sauti ikiwa ya chini, na huisikia kwa wingi sauti ikipanda. Mwaka juzi nilitengeneza sauti yangu usiku kucha kwa hedifoni, nikaipenda, nikaenda nayo harusini. Ukumbini gitaa lilikuwa matope matupu; solo haikupenya kabisa. Tangu siku hiyo sauti ya jukwaani naitengenezea kwenye ukubwa wa sauti wa jukwaani.

Na umeme. Amplifaya ya valvu iliyoletwa kutoka Marekani inataka volti 120, ukutani kwetu mna 230, na wengi wamechoma transfoma kwa kusahau hilo. Soma adapta ya kisanduku chako kabla hujaichomeka.

Huku kwetu jambo la mpigaji kubeba sauti yake mwenyewe lina uzito wa pekee. Bendi zetu kubwa za dansi zilimilikiwa na vyama na mashirika: NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya shirika la DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpiga gitaa aliyehama alitoka na vidole vyake, na amplifaya aliyoijulia mpaka pa kuelemewa kwake ilibaki na mrithi.

Jumamosi kijana alikuja na kimojawapo cha vile visanduku, amekiazima. Tukakichomeka kwenye miksa ya kanisa. Fundi mitambo alikuwa anakunja nyaya upande wa pili. Kijana alianza na sauti kali kuliko zote, akaipitia moja, akaipitia nyingine, mpaka tukafika kwenye mwigo wa Fender iliyotulia. Nikamwambia aushushe mkwaruzo uwe karibu na sifuri, halafu apige sebene anayoipiga kila Jumapili. Akigusa kwa upole ilikuwa safi kama maji. Akichapa nyuzi za juu, noti ilinenepa kidogo kwenye ncha, ikadumu. Fundi mitambo akaacha nyaya, akageuka kuangalia nani anapiga.

"Hiyo hiyo, mwalimu," kijana akasema. Akachana kipande cha plasta, akaandika namba ya sauti, akakibandika juu ya kisanduku.