Butende, Ng'ombe na Kifungu cha 9

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Mjadala wa ndoa za jinsia moja nchini kwetu huishia hapo. Anayepinga husoma kifungu, kisha huongeza kwamba hata mila zetu hazijawahi kujua ndoa ya namna nyingine. Kifungu hakina utata. Hiyo nyongeza ya mila ndiyo inayonisumbua mimi ninayesoma historia.

Kwetu ni Lusu, wilayani Nzega. Huko mtu akitaja ndoa, ng'ombe hawako mbali. Lakini Wanyamwezi wa zamani walitambua zaidi ya njia moja ya kuishi mume na mke. Kulikuwa na ndoa ya kukwa, mahari ikatolewa na watoto wakawa wa upande wa baba. Kulikuwa pia na butende: mume na mke waliishi pamoja bila mahari, na watoto wakahesabiwa wa upande wa mama, hadi baba alipowakomboa kwa malipo. Kilichozitofautisha njia hizi ni haki juu ya watoto.

Njia ya misafara nayo iliitikisa ndoa. Katika karne ya 19 maelfu ya vijana wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, miezi kwa miezi. Wake wengi walisafiri nao, wakipika na kubeba mizigo. Kijana aliyelipwa vitambaa na shanga alikuwa na mali yake mwenyewe, wala hakulazimika kungoja kila kitu kutoka zizi la baba. Mila tunayoiita ya tangu na tangu ilikuwa tayari imetembea hadi Bagamoyo.

Kisha dola ikaamua. Serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria moja kwa Wakristo, Waislamu, wa kimila na wa serikali. Ndoa ya wake wengi ilibaki. Kifungu cha 41 kikasema kukosekana kwa mahari hakubatilishi ndoa. Kifungu cha 160 kikaruhusu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakaheshimika kama mume na mke, wadhaniwe wameoana. Hata dhana hiyo ikikanushwa mahakamani, mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto. Butende, kwa maneno mengine, ilipata mlango wa nyuma.

Nyumba ntobhu haikupata. Kwa Wakurya wa Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kumtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tusiitumie vibaya: kwa kawaida si uhusiano wa kimapenzi kati ya wanawake hao, na mtetezi wa ndoa za jinsia moja hawezi kuifanya ushahidi wake wa moja kwa moja. Lakini anayesema mila haijawahi kumwoza mwanamke kwa mwanamke naye amekosea. Mwaka 2011, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa, aliitambua ndoa ya aina hiyo ya Wanandi katika shauri la mirathi. Aliyeolewa akapewa nafasi mbele ya ndugu wa marehemu.

Kenya hiyohiyo, Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Walalamikaji walisema hawaombi ndoa. Majaji wakajibu kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa miungano inayopingana na ibara ya 45 ya Katiba ya 2010, inayotaja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Uganda iliandika katazo hilo ndani ya Katiba mwaka 2005.

Katiba yetu haielezi ndoa ni nini. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na tangu mwaka 2000 neno jinsia limo. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi, familia na unyumba. Wakati huohuo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30. Nani ataingia mahakamani kudai unyumba wake, ikiwa kujitambulisha tu kunaweza kuwa ungamo?

Kwa hiyo mjadala unabaki kwa wanaosema mila inatosha. Basi tuifuate mila hadi mwisho. Ndoa ilipoletwa mbele yao, wazee waliuliza kwanza watoto ni wa nani na nyumba itabaki kwa nani. Sheria ya 1971 ilimjibu mwanamke aliyeishi na mume bila ng'ombe kutolewa. Mjane wa nyumba ntobhu, ambaye ng'ombe wake walihesabiwa mbele ya ukoo mzima, bado anasomewa kifungu cha 9.