Lugha, Kiwanda na Somo la Kuvunja Haidrokaboni: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Idodi, Iringa

Insha hii inachunguza mazingira ya kihistoria yanayomkabili kijana wa Idodi, tarafa iliyo njiani kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, anapofundishwa jinsi molekuli kubwa za haidrokaboni zinavyovunjwa kuwa ndogo. Hoja kuu ni kwamba kikwazo chake kikubwa ni lugha, wala si kemia.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Vladimir Shukhov alipata hataza yake nchini Urusi mwaka 1891, na William Burton nchini Marekani mwaka 1913. Nchini Tanzania, kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni mwaka 1966. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968, likipita Iringa na Mbeya. Hata hivyo, TIPER kilikuwa kiwanda sahili: kilitenganisha mafuta ghafi kwa ukenekaji, bila kuvunja molekuli. Mwalimu hakuwa na mfano wa nyumbani. Alitegemea maneno matupu.

Maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza. Tangu 1967 Kiswahili kilitumika kufundishia shule za msingi, lakini sekondari mwanafunzi alibadilishiwa lugha. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Waliopinga mara nyingi walitaja uhaba wa istilahi. Hoja hiyo ilidhoofika mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Mfano unatosha kuthibitisha. Dekani, yenye kaboni 10, ikipashwa moto mkali pamoja na kichocheo, pasipo hewa, yaweza kukatika ikatoa oktani yenye kaboni 8 na etheni yenye kaboni 2. Haidrojeni 22 hugawanyika kuwa 18 na 4, hakuna kinachopotea. Kijana aliyezoea mafuta ya taa katika kibatari anaweza kufuata maelezo haya, na kueleza kwa nini molekuli fupi huvukiza upesi kuliko ndefu.

Katika mtihani wa taifa, hata hivyo, hujibu kwa Kiingereza. Aliyeelewa akashindwa kuandika hupewa alama sawa na asiyeelewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikikubali Kiswahili katika ngazi zote, lakini karatasi ya kemia haikubadilika. Kwa hiyo, matokeo ya kemia ya shule za vijijini hayana budi kusomwa pia kama kumbukumbu ya uamuzi wa lugha.